Kibweta cha stempu za marehemu babu: kifungue hivi

Wanaoniletea stempu za zamani dukani kwangu Gizenga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, hutaka bei kabla hawajaketi. Bei ipo, lakini stempu nyingi huwa zishaharibika siku kibweta kilipofunguliwa.

Zima feni. Kistempu cha ana moja (pesa ndogo ya zamani, chini ya rupia) kikirushwa na upepo chini ya kabati, hukijui tena kilikuwa pamoja na kipi. Tandika shuka nyeupe mezani karibu na dirisha, nawa mikono na uikaushe barabara, shika kibano kisicho na meno. Ikiwa masika imeshika, subiri. Unyevu wa Aprili hapa kwetu hulainisha gundi, na stempu mbili zilizogandana ukizivuta utazichana zote mbili.

Halafu nakuomba, mwanangu, mkasi uuweke mbali kabisa. Hapa ndipo watu wanapopoteza mali. Stempu ya Sultani wa Zanzibar Sayyid Khalifa bin Haroub iliyokwisha banduliwa ni ya kawaida mno. Alitawala kuanzia 1911 hadi 1960, na barua zilizopita katika miaka hiyo hazihesabiki. Stempu hiyohiyo ikiwa bado juu ya bahasha iliyotiwa posta Wete au Mkoani, na muhuri unasomeka jina na tarehe, ni habari nyingine. Barua za Pemba hazipatikani kama za Mjini, na mkusanyaji anayejua kazi yake hutazama muhuri kwanza, sura ya Sultani baadaye. Barua ikiwemo ndani, iache ndani.

Za kupanga, mimi hufuata pesa iliyoandikwa. Ana na rupia ni za kabla ya 1908. Humo utakuta, ukijaaliwa, stempu za Bara Hindi zenye Malkia Victoria zilizopigwa neno Zanzibar juu yake mwaka 1895, na zile za kwanza zenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini, za 1896. Senti na rupia ni za 1908 hadi 1935. Shilingi zinaanza 1936. Yenye senti tupu yaweza kuwa ya rupia au ya shilingi; tarehe ya muhuri ndiyo itakayokwambia.

Hali yake sasa. Hesabu meno ya ukingoni mwa stempu pande zote nne. Jino moja likikatika bei inashuka. Igeuze, kisha iinue mbele ya mwanga: palipokwanguliwa gundi vibaya karatasi ni nyembamba na mwanga hupenya zaidi. Tazama na madoa ya kahawia ya ukungu. Usiyasugue, na usibandike kitu kwa selotepu hata kwa dakika moja.

Za Jamhuri zinataka utulivu, nami ndizo nizipendazo kuliko zote. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, stempu za Sultani zilizokuwepo posta zilipigwa neno JAMHURI na mwaka 1964. Za mwanzo zilipigwa kwa mkono hapahapa kwa muhuri wa mpira, kwa hiyo utaona wino umefifia huku, umekolea kule, neno limekwenda upande. Baadaye zikaja zilizochapwa kwa mashine, zimenyooka. Zile za mkono ndizo zinazoigizwa, maana muhuri wa mpira yeyote anaweza kuuchonga. Chukua lenzi utazame pale wino wa JAMHURI unapokutana na muhuri wa posta. Stempu ilipigwa JAMHURI kwanza, ikauzwa, ndipo ikagongwa muhuri wa posta; basi muhuri wa posta ndio unaotakiwa kuwa juu. Ukiona JAMHURI imeupanda, kuna mtu aliipiga baadaye nyumbani kwake. Stempu za Zanzibar yenyewe ziliendelea mpaka mwisho wa 1967.

Bei za katalogi, yaani vitabu vya orodha za stempu, zisikutie wazimu. Hizo ni za dukani, kwa stempu isiyo na kasoro. Anayenunua kwako atatoa pungufu, maana naye anataka kuuza. Kabla hujamwonyesha mtu, piga picha kila bahasha mbele na nyuma, kisha waulize wawili wasiojuana. Na mnunuzi akitaka kuchagua tatu bora akuachie zilizobaki, mwambie ataje bei ya kila moja kwanza, kisha linganisha na alichotaka kukupa kwa kibweta kizima.