Jinsi ya kuagiza kwenye mgahawa mkongwe wa Kihindi ukiwa London

Mdogo wangu alikua London mwezi uliopita, kazi ya siku nne, jioni ya pili akanitumia picha za menyu kwa wasap, kurasa sita, na ujumbe mmoja tu: "dada nianzie wapi?" Tukaongea karibu nusu saa weita anakuja anarudi. Alikula vizuri mwishowe, ila nikaona niandike yote sehemu moja maana najua si yeye peke yake anayekwama pale.

Hatua ya 1: Jua unaingia mgahawa wa aina gani

Chakula cha Kihindi London kina umri mkubwa. Sake Dean Mahomed, mtu wa India, alifungua mgahawa wa Hindoostane Coffee House mwaka 1810, George Street. Veeraswamy ilifunguliwa 1926 Regent Street. Punjab iliyopo Neal Street ilianza 1946. Alafu kuna ile migahawa ya kifamilia ya mitaani, miaka arobaini hamsini mlango ule ule, na hii ndo naipenda zaidi. Kwenye mingi kati ya hiyo kibao nje kinasema Indian lakini wenye nayo asili yao ni Sylhet, Bangladesh. Shika hilo, tutalihitaji hatua ya 4.

Kabla hujatoka hotelini hakikisha bado iko wazi. India Club ya pale Strand, iliyoanza 1951, ilifungwa Septemba 2023 na bado unakutana na makala za zamani zinazokuelekeza huko.

Ukipita Brick Lane, mtaa wenye migahawa mingi ya aina hii, utakuta watu mlangoni wanakuitia punguzo, mimi siingii kwa kuitwa, naingia nilikopanga.

Hatua ya 2: Weka nafasi

Piga simu. Apu zipo lakini kwa simu unauliza na mambo ya halali hapo hapo, usidhani tu kwa sababu mwenye mgahawa ni Mwislamu.

Hatua ya 3: Papadam

Mkikaa tu mtaulizwa kama mnataka papadam, vile vimkate vyembamba vya dengu. Zinakuja zimepangwa juu kwa juu, kavu, ukigusa zinavunjika, na trei ya vibakuli: achari tamu ya embe, achari ya ndimu yenye chumvi kali, vitunguu vilivyokatwakatwa, mtindi wa nanaa. Si bure, na sehemu nyingine trei inahesabiwa kwa kichwa, kwahiyo mkiwa wanne semeni mbili zinatosha.

Hatua ya 4: Menyu yenyewe

Hapa ndo soma taratibu, hapa ndo nilipopotea mimi.

Mara yangu ya kwanza tulikua wanne, tukaagiza kila mtu mchuzi wake: korma, madras, vindaloo, na mwingine jina silikumbuki. Bakuli nne zikaja, rangi zinapishana kidogo tu, ukionja chini ya pilipili ni kitu kile kile. Nilidhani jikoni wamekosea oda. Nimekuja kuelewa baadae sana, baada ya kuuliza uliza, kwamba kwenye migahawa mingi ya mtindo huu kuna sufuria kubwa moja la rojo la vitunguu linapikwa mapema kwa masaa, alafu oda ikiingia mpishi anachota, anaongeza viungo, nyama iliyokwisha iva, pilipili, dakika chache kipo mezani. Sio udanganyifu, ni namna yao ya kupika na ukipata mpishi mzuri ni kitamu kweli. Ila sasa yale majina usiyasome kama mapishi ya mji fulani, yasome kama ngazi ya ukali: korma iko chini kabisa, laini ina krimu, madras inachoma, vindaloo inachoma zaidi, phaal achana nayo kama una safari asubuhi.

Vindaloo hasa. Kule Goa, India, ni nyama ya siki na vitunguu saumu, neno lenyewe limetokana na Kireno. London mara nyingi utaletewa mchuzi mkali wenye viazi ndani, na aloo kwa Kihindi ni kiazi, kwahiyo unaona jina limeenda wapi. Kama unataka ile ya siki muulize weita kwanza "ina siki?", akisita chagua kingine.

Biriani nayo angalia. Sehemu nyingi ni wali uliokaangwa pamoja na nyama, unakuja na kibakuli cha mchuzi wa mboga pembeni. Ukiagiza biriani usiongeze mchuzi mwingine.

Chicken tikka masala wengine wanaidharau, mimi siidharau, ni chakula cha Uingereza kabisa, waziri wao wa mambo ya nje wa wakati huo Robin Cook alikisifia kwenye hotuba 2001. Lakini kama una jioni moja tu usiimalizie hapo.

Fanya hivi. Funga menyu, mwite weita kwa heshima, "bhai" (yaani kaka) inaeleweka vizuri tu, muulize: nyie wenyewe mnakula nini leo? Kama ni watu wa Sylhet uliza kama kuna nyama ya shatkora. Ni tunda jamii ya limau, ganda nene, na ganda ndo linaingia kwenye mchuzi, lina uchungu kidogo na harufu inayokaa mdomoni mpaka unafika hotelini. Mara nyingi haimo kwenye menyu. Kama jikoni ni la Kipunjabi basi agiza vya tandoori, yaani vya kuchoma kwenye tanuri la udongo, chopsi za kondoo zinakuja kwenye sahani ya chuma bado inalia chwaaa, na dali.

Mwenye aleji aseme mapema kabla ya yote, korma nyingi zina lozi. Sheria ya Uingereza inawataka wakuambie kuhusu vitu 14 vya aleji, kwahiyo usione haya kuuliza.

Hatua ya 5: Kiasi

Mchuzi unakuja peke yake, wali na mkate unalipia tofauti. Watu wanne: michuzi mitatu, dali moja, wali mbili, naan mbili, mnachangia. Mimi nachukua naan kuliko wali. Maji sema ya bomba, kwa mgahawa wenye leseni ya pombe wanatakiwa kukupa bure ukiomba.

Hatua ya 6: Bili

Angalia chini kabisa kama wameweka tozo ya huduma, mara nyingi 12.5%. Bili ya pauni 60 hapo ni pauni 7.50 juu. Ikiwa imeandikwa ni ya hiari unaweza kuomba waitoe, ila kama umehudumiwa vizuri iache, tangu Oktoba 2024 sheria inataka pesa hiyo iende yote kwa wafanyakazi. Ukiiacha usitoe tena bakshishi nyingine. Kilichobaki omba wakufungie, mdogo wangu ile shatkora alimalizia asubuhi na naan ya baridi akanitumia picha ya bakuli tupu.