Kabla ya kufungwa kano ya kidole Marekani: mkono kwanza, kisha bili

Kidole chenye umbo la shingo ya bata maji, kifundo cha katikati kimebonyea nyuma na ncha imeinama, hurekebishwa kwa kuchukua utepe mmoja wa kano ya kukunjia na kuufunga uwe breki. Kabla ya kukubali, kikunje kwa mkono wa pili. Kikigoma kabisa, kufunga kano peke yake hakutatosha, kwani kifundo kilichokakamaa kinahitaji kulegezwa kwanza au mpango mwingine. Usitarajie kidole kinyooke kama rula: kifundo huachwa kimekunjika kidogo, nyuzi 20 hadi 30 hivi, kisha hulindwa na gango kwa wiki kadhaa. Pete zivuliwe mapema, maana mkono huvimba.

Sasa bili. Kila huduma huandikwa kwa msimbo, yaani namba ya bili: kufunga kano ya kifundo cha katikati ni 26471, cha ncha ni 26474, na kila kifundo huhesabiwa peke yake. Vifundo viwili ni mistari miwili ya bili. Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, kwa kawaida hulipa wa kwanza kamili na wa pili nusu. Kila mstari hubeba herufi na namba zinazotaja ni kidole kipi, na hapo ndipo makosa hujaa. Gumba la kushoto ni FA, vinavyofuata F1 hadi F4. Gumba la kulia ni F5, kisha F6 hadi F9. Kidole cha shahada cha kulia basi ni F6. Idhini ya bima ikisema F6 na bili ikisema F7, malipo hukwama. Msimbo wa ugonjwa nao utaje mkono uleule: M20.031 kulia, M20.032 kushoto.

Uliza nani ataleta bili yake: daktari mpasuaji, daktari wa usingizi, kituo. Medicare huhesabu siku 90 baada ya upasuaji, na ziara za kawaida kwa mpasuaji zimo ndani ya bei. Mazoezi ya mkono hayamo, nayo ndiyo mengi. Ulizia bima inalipia vipindi vingapi.

Huna bima? Omba makadirio ya gharama kwa maandishi. Miadi ikiwekwa angalau siku 10 za kazi kabla ya huduma, unapaswa kuyapata ndani ya siku 3 za kazi. Bili ya mtoa huduma ikizidi makadirio yake kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 tangu tarehe ya bili kuipinga. Karatasi ya makadirio usiitupe.