Malengelenge ya mdomoni: mambo ya kuzingatia kabla mtoto mchanga hajafika nyumbani

Vipele vidogo vyenye maji vinavyojikusanya ukingoni mwa mdomo, ambavyo wengi huviita vipele vya homa, kwa mtu mzima ni kero ya wiki moja au mbili. Kwa kichanga mwenye siku 10 vinaweza kuua. Kwa hiyo maandalizi ya kumpokea mtoto yasiishie kwenye khanga, nepi na beseni. Midomo ya watakaomshika nayo ipangiwe utaratibu mapema, mimba ikifikisha miezi 6 hivi.

Anza kwa kujua nani ndani ya nyumba hutokwa na vipele hivyo. Vinasababishwa na virusi vya hepesi simpleksi aina ya kwanza (HSV-1). Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 wa umri wa chini ya miaka 50, yaani asilimia 64, wanaishi navyo. Wengi walivipata utotoni kupitia busu au mate ya ndugu, na hawakuona dalili yoyote. Vikishaingia havitoki tena: hufuata neva ya uso hadi kwenye kifundo chake ndani ya fuvu na kulala humo. Malaria, nimonia, mafua, jua kali, hedhi au uchovu wa kukesha huviamsha. Ule usemi kwamba "homa imetokea mdomoni" huwaponza watu, kwa sababu mtu akiona vipele hudhani homa imeshaisha na haendi kupima malaria.

Mwenye historia hii azitambue saa za mwanzo. Kabla ya chochote kuonekana, sehemu ileile ya mdomo huwasha, huchoma au hufa ganzi kwa saa 6 hadi 48. Kisha malengelenge huchomoza kwa kundi, hupasuka na kuacha kidonda kinachotoa majimaji, ndipo gaga hufunga. Siku za majimaji ndizo za hatari zaidi, ila uambukizaji huanza tangu muwasho. Tena virusi hutoka kwenye mate hata siku ambazo mdomo ni mzima kabisa, na hapa ndipo familia nyingi zinapokosea: zinamzuia mwenye kidonda tu, wengine wote wanambusu mtoto.

Dawa inunuliwe kabla. Krimu ya aciclovir ya asilimia 5 hupakwa mara 5 kwa siku kwa siku 5, kuanzia muwasho wa kwanza, kwa pamba safi au kidole kinachooshwa kabla na baada. Ikichelewa hadi gaga limefunga, haisaidii kitu. Vidonge vya aciclovir vya 200 mg kwa kawaida mtu mzima hunywa kimoja mara 5 kwa siku kwa siku 5, yaani vidonge 25. Mjamzito na mwenye tatizo la figo wamwone daktari kwanza. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), zinazouzwa kwa kila aina ya upele, usipake: hudhoofisha kinga ya ngozi na virusi vikasambaa. Antibiotiki haziui virusi. Dawa ya mswaki na majivu huchubua kidonda tu.

Jambo ambalo watu huona haya kulisema ndilo zito kuliko yote. Watoto wengi wanaopata hepesi huipata wakati wa kuzaliwa, kwenye njia ya uzazi, na hatari huwa kubwa zaidi mama akiambukizwa ukeni kwa mara ya kwanza miezi 3 ya mwisho. Virusi vya mdomoni hufika huko kwa kunyonyana sehemu za siri. Baba anayetokwa na vipele aliache hilo kabisa kipindi hicho, hata mdomo wake ukiwa safi. Mama akiona lengelenge au kidonda ukeni amwambie mkunga kliniki, asingoje uchungu uanze.

Wageni wakija, kanuni iwe moja kwa wote hadi arobaini ipite: hakuna busu usoni wala mikononi, maana vidole vya mtoto huishia kinywani. Anayemshika aoshe mikono kwa sabuni. Mwenye kidonda asimshike mpaka gaga lidondoke, na ni vema bibi ndiye atangaze, kwani mgeni humwelewa bibi kuliko mama kijana. Zipo pia njia zisizofikiriwa: kunyonya kamasi za mtoto kwa mdomo (tumia kifyonzi cha mpira), kulamba chuchu bandia ili "kuisafisha", kumtafunia tende ya tahniki (ile anayopakwa kinywani mtoto wa Kiislamu akizaliwa). Tende ipondwe kwa kijiko safi.

Mama mwenye kidonda mdomoni aendelee kunyonyesha, akiwa amevaa barakoa na kunawa mikono. Kidonda kikiwa kwenye titi, titi hilo lisinyonyeshwe hadi lipone; akamue ili maziwa yasikauke, ayamwage kama yamegusa kidonda.

Mwisho, chagua mapema hospitali yenye aciclovir ya sindano, ujue na usafiri wa usiku utatoka wapi. Mtoto wa chini ya wiki 6 akikataa kunyonya, akilegea, akipata joto la nyuzi 38 au mwili kupoa kuliko kawaida, akishtuka degedege au akitokwa malengelenge popote, mpeleke saa hiyohiyo. Wapo watoto wenye hepesi ambao hawatoki lengelenge hata moja, hivyo usisubiri kuliona. Mwambie daktari waziwazi nani alikuwa na vipele mdomoni na lini alimshika mtoto. Matibabu huchukua siku 14 kama ugonjwa uko kwenye ngozi, macho au kinywa, na angalau siku 21 ukifika kwenye ubongo, ini au mapafu.