Kuyapoza Maji ya Tangi la Samaki Wakati wa Kaskazi

Kati ya Desemba na Machi, joto la mchana katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa hupita nyuzi 30, na maji ya tangi la samaki yaliyopata moto mchana kutwa hayapati nafasi ya kupoa usiku. Mfugaji anayeona samaki wake wamepanda juu ya maji, wakihema kwa kasi, hukimbilia barafu. Ninamsihi aanze na hewa. Lita moja ya maji yenye nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, lakini yakifika nyuzi 30 hubeba miligramu 7 na nusu hivi, na wakati huohuo mwili wa samaki hudai oksijeni zaidi kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo washa pampu ya hewa usiku na mchana, na uelekeze mdomo wa chujio juu ili uso wa maji utikisike.

Baada ya hapo, punguza joto linaloingia. Chomoa hita, fupisha saa za taa, na usiweke tangi karibu na dirisha au ukuta unaopigwa na jua la alasiri.

Chombo ninachokiamini kuliko vyote ni feni ndogo iliyoelekezwa kwenye uso wa maji. Ondoa kifuniko na utandaze wavu mahali pake, maana samaki wakisumbuliwa na joto huruka nje. Maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto jingi: lita moja ikivukizwa hubeba joto linalotosha kupoza lita 100 kwa zaidi ya nyuzi 5, ingawa sehemu ya joto hilo hurudi kutoka chumbani. Mahali pakavu kama Dodoma feni hufanya kazi vizuri sana. Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, nafuu huwa ndogo, lakini bado inafaa kutafutwa. Maji yatapungua kila siku, nawe ujazie kwa maji yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke. Waya wa feni uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuifikia, ili matone yasiingie kwenye umeme.

Barafu itumike tu kipimajoto kinapoendelea kupanda licha ya hayo yote, nayo iwe ndani ya chupa iliyofungwa vizuri, ambayo haikujazwa pomoni kabla ya kugandishwa. Ielee, uitoe mara joto linaposhuka kwa nyuzi 1, kisha usubiri saa nzima kabla ya kuirudisha, kwa kuwa mshtuko wa baridi ya ghafla huwadhuru samaki waliokuwa wakivumilia joto.

Siku hizo punguza chakula pia, kwa sababu mabaki yanayooza hutumia oksijeni na kuzalisha amonia, ambayo sumu yake huongezeka maji yanapokuwa ya moto.

Umeme ukikatika, chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine tena humo kutoka kimo cha shibiri moja, kwa dakika kadhaa, ukirudia kila samaki wanapoanza kupanda juu.