Mbegu za dume la nguruwe si za kuweka friji

Huku Mbozi nikipigiwa simu, swali ni lilelile: "Mtaalamu, nizihifadhi friji ya juu au ya chini?" Usiweke kokote. Friji ya nyumbani ni nyuzi 4 hivi, na mbegu za nguruwe zikishuka chini ya 15 utando wake huharibika. Hata uzipashe vipi, hazirudi. Zikizidi 20 nazo huchoka upesi na bakteria wanazaliana. Lenga 17. Mliozoea mbegu za ng'ombe za kituo cha uhimilishaji cha Usa River, zile zinazogandishwa kwenye naitrojeni ya maji, sahauni huo utaratibu. Za nguruwe huvumilia kugandishwa kwa shida, ndiyo maana tunatumia mbichi.

Unapomkamua dume mbegu, vaa glavu za vinili; za mpira huzidhuru mbegu. Matone ya kwanza mwaga, yana uchafu mwingi. Mdomo wa chombo, kilichopashwa hadi 37, ufunike kwa shashi ibakize juu ule ute wa punjepunje.

Unga wa BTS, dawa ya kuzimua na kutunza mbegu, koroga kwenye maji yaliyosafishwa ya maabara, uache saa moja utulie. Kabla ya kuchanganya pima joto la dawa na la mbegu: visipishane zaidi ya nyuzi 2. Kisha mimina dawa kwenye mbegu, polepole, ikiteleza ukutani mwa chombo. Tone moja liende kwenye hadubini. Zinazotembea zikiwa chini ya asilimia 70, mwaga zote, usione huruma. Dozi yangu ni mililita 80, mbegu kama bilioni 3. Minya chupa hewa itoke, ndipo ufunge.

Usikimbilie kuzipoza. Zifunge taulo, zikae mezani saa moja au mbili, ndipo ziingie kwenye deli lenye kipimajoto. Wengi hudhani deli ni la kuzuia joto tu. Juni na Julai huku kwetu usiku ndiyo adui: mchana naweka chupa ya maji baridi iliyoviringishwa gazeti, usiku naitoa na kuweka ya maji vuguvugu. Chupa hiyo isigusane na dozi.

Mbegu hutuama, utaona tabaka jeupe chini. Asubuhi na jioni zigeuze taratibu, usitikise. Zilizochanganywa na BTS hudumu siku 3. Usinunue dozi bila kuona tarehe kwenye chupa. Na kama eneo la dume lina homa ya nguruwe, usichukue hata kwa bure, maana virusi husafiri na mbegu.

Siku ya kupandisha huna haja ya kuipasha chupa. Itoe kwenye deli, izungushe kidogo, mpelekee jike aliyesimama tuli ukimkandamiza mgongo.