SOMO: Gari ya dizeli inachelewa kupokea ukikanyaga mafuta, soma moshi kwanza kabla hujanunua nozeli

Habari wakuu. Hili somo nimelipania muda mrefu maana naumia sana nikiona mtu kajikamua kanunua nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya enjini) nne za komoni reli, yani mfumo ambao reli moja ya presha kubwa inalisha nozeli zote, alafu gari ipo vilevile. Juzi nimeletewa Hilux ya enjini ya 1KD, imetoka gereji nyingine, nozeli zote mpya, ukikanyaga bado inajivuta kwanza ndo inachanganya. Shida ilikua hozi ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imepasuka upande wa chini ambako macho hayafiki.

Elewa kitu kimoja. Kwenye dizeli za sasa pedeli haivuti waya wowote, inapeleka ombi tu kwa kompyuta, na kompyuta inaangalia hewa iliyopo ndo iamue mafuta kiasi gani. Kwahiyo gari ikichelewa, aidha ombi halifiki, au hewa haitoshi, au mafuta hayafiki.

HATUA YA 1, moshi. Enjini ikiwa imechemka tafuta kilima, weka gea ya 3, kanyaga mpaka chini, mtu aangalie nyuma. Moshi mweusi mzito maana yake mafuta yamefika hewa haijafika. Gari nzito na moshi hamna, angalia upande wa mafuta. Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi wakati enjini ina moto, hapo sasa nozeli unaweza kuzishuku. Ila kuna gari kompyuta yake ikiona hewa ndogo inabana mafuta yenyewe na moshi hautoki, kwahiyo hozi kagua tu hata kama hujaona moshi.

HATUA YA 2, hewa. Toa ea klina uione, usiipige tu na upepo ukarudisha. Kisha fuata hozi kutoka turbo mpaka intakula mpaka manifodi (bomba la kuingiza hewa kwenye enjini), pitisha mkono chini yake, na ukiona sehemu ina mafuta mafuta yameganda na vumbi hapo ndo panapovuja, kaza klempu au badili hozi. Turbo za vakyumu (zinazoongozwa na mvuto wa hewa) mwambie mtu awashe gari wewe ukiangalia kile kifimbo cha kwenye turbo, kinatakiwa kivutwe ukiwasha na kirudi ukizima, kisipocheza anza na vihozi vyembamba vya vakyumu, vinakauka na kupasuka na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na turbo. Valvu ya EGR (inayorudisha moshi kiasi kwenye enjini) ikiganda wazi kwa masizi nayo inaleta moshi mweusi na uzito, ifungue isafishe. Sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) safisha kwa sprei yake, usiguse ule waya kwa kitambaa, iache ikauke.

HATUA YA 3, mafuta. Mwaga maji kwenye filta, badili filta kama hukumbuki umeibadili lini. Hizi dizeli za madumu za barabarani ndo zinaua filta na pampu. Weka kipande cha hozi inayoonekana ndani kwenye laini ya kuja pampu, ukiona mapovu kuna sehemu inavuta hewa. Pia fungua kifuniko cha tenki ujaribu gari, ikichangamka basi kifuniko hakipumui.

HATUA YA 4, mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Swichi on bila kuwasha, kanyaga pedeli taratibu uangalie asilimia, ipande bila kuruka. Presha ya manifodi hapo inasoma hewa ya nje tu, Dar karibu 100 kPa, Mbeya kwa sababu ya mwinuko kama 82, usije ukabadili sensa isiyo na ubovu bure. Alafu barabarani linganisha presha ya reli inayotakiwa na iliyopo, iliyopo ikibaki nyuma na filta ni mpya, SCV (valvu inayopima mafuta yanayoingia kwenye pampu) ndo ya kwanza kushukiwa.

MASWALI

Swali: Fundi mimi nina Prado ya enjini ya zamani ya 1KZ, mashine za kisasa hazisomi, nafanyaje?
Jibu: Mkuu hatua ya 1 mpaka 3 zinakuhusu vilevile. Kodi zake (namba za hitilafu) unasoma kwa kuunga kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha ndani ya boneti, taa ya cheki enjini inakonyeza unahesabu.

Swali: Asubuhi iko vizuri ikichemka ndo inachelewa.
Jibu: Dizeli ikipata moto inakua nyepesi, kama pampu au nozeli zimechoka inavujia ndani. Pima marejesho (dizeli inayorudi kutoka kwenye nozeli), kila nozeli kichupa chake, inayojaza haraka kuliko wenzake ndo mgonjwa. Hapo nozeli unanunua ukiwa na ushahidi.

Swali: Niliona kile kifaa cha kuchomeka kwenye pedeli, kinasaidia kweli kaka?
Jibu: Kinakuza ombi tu dada, ukigusa kidogo kompyuta inadhani umekanyaga sana. Hewa na mafuta haviongezeki. Kama hozi imepasuka itabaki imepasuka.

Swali: Yangu ni otomatiki, nitajuaje sio giaboksi?
Jibu: Angalia mshale wa RPM (mzunguko wa enjini). Ukikanyaga mshale ukaruka juu na gari haiendi, hiyo ni giaboksi, anza na oil yake. Mshale wenyewe ukipanda kwa shida, rudi hatua ya 1.