Somo: Kuunda kompyuta ndani ya hamoniamu kuukuu

Hamoniamu ni kinanda cha mvukuto ambacho vikundi vya taarab vya Mombasa vilikitumia kwa miaka mingi. Kabla ya kushika bisibisi, kipeleke kwa fundi akikague. Kikiwa bado kinaweza kuimba, kitengenezwe, kwa kuwa kompyuta haikosi pa kukaa. Kinachofaa kazi hii ni kile ambacho vilimi vyake, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti, vimekatika na mvukuto wake umepasuka, lakini mbao zake hazijaingiwa na dumuzi.

Hatua ya 1. Fungua kifuniko, piga picha za ndani, kisha utoe ubao wa vilimi bila kuupasua. Vilimi vilivyosalimika vihifadhi, maana vitamfaa fundi anayetafuta vipuri.

Hatua ya 2. Ubaomama, yaani bodi kuu ya kompyuta, wa kipimo kidogo kiitwacho Mini-ITX una sentimita 17 kwa 17, na kwa kawaida huenea humo bila kukata ukuta wowote. Ufunge kwa vijiguzo (vinguzo vidogo vya kuuinua) vya milimita 6 hivi juu ya kipande cha plaiwudi kinachoweza kutolewa chote kwa pamoja.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye hatari. Kasha la chuma huunganishwa na waya wa ardhi, ulinzi ambao mbao haziwezi kuutoa. Kwa hiyo umeme wa ukutani usiingie kabisa ndani ya kinanda. Chagua ubaomama unaopokea volti 19 kutoka kwenye adapta ya nje, kama ya kompyuta mpakato, pamoja na prosesa (kichakato kikuu cha kompyuta) ya wati 35. Feni ya milimita 120 ikae kwenye uwazi ulioachwa na mvukuto na kusukuma hewa ya moto nje, huku hewa baridi ikiingia kwa chini kupitia kitambaa cha wavu kinachozuia vumbi.

Hatua ya 4. Kibonyezo cha mwisho upande wa kulia kifanye kuwa swichi ya kuwashia. Springi yake ya asili hukirudisha juu chenyewe, na ubaomama unahitaji mguso mfupi tu. Weka swichi ndogo chini yake, uunganishe nyaya zake mbili na pini za kuwashia.

Hatua ya 5. Funga kifuniko, ipe kompyuta kazi nzito kwa nusu saa, na uangalie joto la prosesa. Likipita nyuzi 80, ongeza njia ya hewa.

Maswali na majibu

Swali: Fundi, changu vibonyezo vitatu tu ndivyo vimekufa. Nianze?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Huenda ni uchafu tu umekwama kwenye vilimi. Kisafishwe kwanza.

Swali: Je, gitaa lafaa?
Jibu: Lafaa kwa kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo modeli yake ya kawaida ina milimita 85 kwa 56.

Swali: Mtoto akikishikilia kibonyezo itakuwaje?
Jibu: Kikishikiliwa kwa sekunde 4 hivi, kompyuta huzimika ghafla na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Funika kibonyezo hicho kwa kijibao chenye bawaba.